Vidimbwi Vinne vya Kagwe

Ngendo hakupenda mtu amguse upande wa samaki. Mambo mengine ungemwambia: kwamba mahindi yake yamebanana, kwamba ng'ombe wake ana kiburi, hata kwamba kanisani anaimba vibaya kuliko wote, naye angecheka na kukukaribisha chai. Lakini samaki, la. Wale walikuwa wa marehemu Kagwe, na ukianza kuwasema samaki wa Kagwe, mbele ya Ngendo umemsema Kagwe mwenyewe.

Vidimbwi vilikuwa vinne, vimepangana mteremkoni kushuka hadi mto Chania, juu kidogo ya maporomoko. Kila kimoja kilikuwa na jina. Cha juu kabisa ni Kisumu, kikifuatiwa na Baringo, kisha Sagana. Kile cha chini, chenye matope mengi na vyura wasio na adabu, ni Turkana. Majina hayo aliyatoa Kagwe mwenyewe. Alikuwa dereva wa lori la chakula cha mifugo pale mjini Thika, mtu wa kutoka Jumatatu alfajiri na kurudi Ijumaa jioni, na hata siku moja hakurudi nyumbani mikono mitupu. Kwao mtu akitoka safari huja na kitu, hata kama ni kabeji moja, na asiyekuja na kitu huulizwa kama kweli alisafiri. Miaka ya kwanza Kagwe alileta viazi vya Kinangop, vitunguu vya Karatina, siku nyingine kuku mwenye hasira aliyefungwa miguu. Halafu, mwaka wa themanini na sita, akashuka njia akiwa amebeba jerikeni la maji, na ndani yake kulikuwa na samaki wadogo wa urefu wa kidole.

"Wa Kisumu hao," akasema. "Chimba shimo, Mama Tabby."

Ngendo alichimba. Alichimba na cha pili, Kagwe alipoleta wa Baringo, na cha tatu, na cha nne. Alizoea kumsikia Ijumaa akisimulia barabara: lori lilivyokwama huko Kainuk, joto la Lodwar linavyomkausha mtu koo, alivyobadilisha maji ya jerikeni kila mtoni ili samaki wasife njiani. Ngendo mwenyewe hakuwahi kufika hata Nakuru. Aliyasikiliza hayo yote akiwa amekaa jikoni, mikono imetulia mapajani, akahisi na yeye amefika.

Sasa njoo kwa Mburu. Mburu ni ndugu mdogo wa Kagwe, fundi wa mabati, mtu wa maneno machache, lakini hayo machache hana breki nayo. Mwaka wa themanini na nane alikuja jikoni kwa Ngendo, akakataa kiti, akasema amemwona Kagwe Ruiru, mji wa jirani tu. Jumatano, mchana kweupe, akitembea kwa miguu kwenye njia ya mashamba ya kahawa. Na Kagwe alikuwa ameaga kwamba wiki hiyo yuko Turkana, kule kaskazini kabisa.

"Ana nyumba nyingine huko, shemeji," Mburu alisema. "Mwanamume hashindi Ruiru siku ya Jumatano kwa sababu ya hewa nzuri."

Aiya! Ngendo alimshika mkono, akamburuta mpaka kidimbwi cha chini. "Na hawa wametoka wapi? Wametembea wenyewe kutoka Turkana? Niambie! Wamekuja kwa miguu?" Ngendo akamfukuza na mwiko wa ugali, na mwiko huo ulimpata mara mbili kabla hajafika lango. Toka siku hiyo hawakusemezana. Kagwe alipofariki mwaka wa tisini na nne, kwa homa ya mapafu iliyomchukua kwa siku tano tu, Mburu alitupa udongo wake kaburini akiwa amesimama upande ule, Ngendo upande huu.

Watu wakasema mengi baada ya hapo. Mjane hupewa pole mbele na hadithi nyuma. Wengine walisema mwanamke wa Ruiru ana watoto watatu, wengine wakasema wawili na mmoja anafanana na Kagwe masikio. Ngendo alisikia yote, na kila aliposikia alishuka kuwalisha samaki. Mtu aliyefika kote huko na kurudi na samaki wa kila mahali hakuwa na muda wa mwanamke wa Ruiru. Vidimbwi vilikuwa shahidi wake, na hakuwa na mwingine.

Miaka minne baadaye, mvua ile kubwa ya Elinino ilipokwisha kupasua barabara na kuondoka, alikuja Nadira.

Nadira alikuwa binti wa Majengo, mjini Thika. Mama yake alikaanga samaki karibu na msikiti na Ngendo alimjua kwa sura. Sasa binti alikuwa chuo kikuu, akiendelea na digrii ya pili, na kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo: kuzunguka vidimbwi na mabwawa yote ya Thika na Ruiru, kukata vipande vya mapezi ya ngege, samaki wa aina ile ile ya Ngendo, na kuvitia kwenye vichupa vya spiriti.

"Unawakata samaki mapezi," Ngendo alirudia, akimtazama mtandio wake safi na viatu vyake vilivyojaa matope. "Mama yako anajua?"

"Anajua, mama. Anasema nimesoma sana mpaka nimerudi kwa samaki."

Ngendo akacheka, akamletea kigoda. Nadira akaeleza. Hawa ngege hawakuwa wenyeji wa huku. Waliletwa na watu, wengine wakati wa wazungu, wengine juzi juzi, kila mtu na ndoo yake. Ndani ya mwili wa kila samaki kuna maandishi aliyorithi kwa mama na baba yake. Samaki wa ziwa moja wana maandishi yao na wa ziwa jingine wana yao. Alitaka kujua kama samaki wa hapa bado wana maandishi ya aina nyingi, au wamebaki ndugu watupu wanaozaana wenyewe kwa wenyewe. Wakibaki ndugu watupu, hudumaa, na ugonjwa mmoja tu unaweza kuwafagia wote.

"Wako wamekuwa wadogo siku hizi, mama?"

"Wadogo kidogo," Ngendo alikubali shingo upande. Ukweli ni kwamba walikuwa wanaishia kiganja. "Lakini wangu si ndugu. Wangu wametoka mbali." Akamwonyesha vidimbwi kimoja kimoja, Kisumu, Baringo, Sagana, Turkana.

"Turkana?" Nadira aliuliza. "Kwa jerikeni?"

"Alikuwa anabadilisha maji."

Nadira akafungua daftari. Macho yalikuwa yanamng'aa. Kidimbwi kimoja chenye samaki wa mahali panapojulikana ni bahati. Hapa alikuwa amepata vinne mahali pamoja, na mwenyewe anakumbuka kila jerikeni lilikuja mwezi gani. Na Ngendo, kwa upande wake, alikuwa ameanza kufikiria jambo jingine kabisa.

"Hayo maandishi," alisema polepole. "Yanaweza kuonyesha kwamba hawa wa chini wametoka Turkana kweli?"

"Yanaweza, mama. Wa Turkana na wa Baringo wana alama zao."

"Hata mbele ya mtu mbishi?"

"Ukiona picha hata mbishi ananyamaza."

"Basi kata," Ngendo akasema. "Kata wote. Na ukipata majibu ulete kwa karatasi, uniambie siku unayokuja."

Ungemwona siku hiyo akishika wavu, sketi ameichomeka kiunoni, akipitisha samaki mmoja baada ya mwingine mikononi mwa yule binti, ungedhani ni yeye anayesomea digrii. Walikata thelathini kila kidimbwi. Ngendo alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu mazishi. Miaka kumi alikuwa amemtetea mume wake kwa mwiko na kwa kelele, na sasa chuo kikuu chenyewe kingemtetea kwa karatasi.

Nadira alituma salamu kupitia kwa mama yake kwamba atakuja Jumamosi ya pili ya Agosti. Ngendo akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akamtumia Mburu ujumbe aje kunywa chai. Na Mburu akaja. Alikuja na koti la kanisani, nywele zimeota mvi kuliko Ngendo alivyokumbuka, akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyeitwa ofisi ya chifu. Ngendo akamwekea chai na mandazi bila maneno mengi. Hakutaka kuharibu. Alitaka asikie kwa masikio yake.

Nadira alipofika na kumkuta mgeni, uso wake ulibadilika. "Mama, tunaweza kuzungumza kando kidogo?"

"Kando ya nini? Huyu ni ndugu wa marehemu. Sema hapa hapa."

"Ni afadhali tuzungumze wawili kwanza."

"Msichana wangu, nimengoja miezi mitatu. Toa hiyo karatasi."

Nadira akaitoa. Ilikuwa picha nyeusi yenye safu za mistari myeupe, safu kando ya safu. Akaeleza kwamba kila safu ni samaki mmoja, na kwamba picha hii ina wachache tu kutoka kila kidimbwi. Ngendo akaivuta karibu. Hakuwa amesoma zaidi ya darasa la nne, lakini macho alikuwa nayo, na alichokiona kilikuwa wazi hata kwa mtoto. Mstari wa safu ya kwanza ulikuwa palepale katika safu ya pili, na ya tatu, na ya ishirini. Hakukuwa na safu iliyotofautiana na nyenzake.

"Hii ni Kisumu?" akauliza.

"Hizi sita ni Kisumu. Hizi ni Baringo. Hapa Sagana. Hapa Turkana."

"Zinafanana."

"Ndiyo, mama."

Chai ya Mburu ilikuwa inapoa. Ngendo akainua kichwa. "Elinino," akasema. "Maji yalifurika, yakapita juu ya kuta zote. Samaki wamechanganyikana. Ndiyo maana."

"Nilifikiria hivyo," Nadira akajibu kwa upole, na upole wake ndio uliomwogopesha Ngendo. "Lakini wangechanganyikana, ningekuta aina zote nne kila mahali. Mimi nimekuta aina moja tu, mama. Hakuna alama ya Turkana hata moja. Hakuna ya Baringo. Wote wamezaliwa na samaki wachache wa mahali pamoja."

"Wapi?"

Nadira akamtazama Mburu, akatazama sakafu.

"Nimeuliza wapi."

"Hii alama ya chini ni adimu sana. Sijaikuta popote pengine nilipopima, isipokuwa bwawa moja. Ni bwawa la shamba la kahawa ambalo mzungu alilichimba zamani akatia samaki wake wachache, na tangu wakati huo hakuna wengine walioingia." Akaigusa ile alama kwa kidole. "Liko Ruiru."

Ngendo aliketi. Alingoja Mburu aseme, kwa sababu haki ya kusema ilikuwa yake: miaka kumi ya kuitwa mwongo, mwiko mgongoni, kunyimwa hata salamu. Mburu akaweka kikombe chini taratibu sana, akasimama, akashika kofia.

"Pole, shemeji," akasema, akatoka.

Afadhali angecheka. Ngendo alibaki na ile picha mapajani, na jambo lililomuumiza kwanza, kabla hata ya mwanamke wa Ruiru, ni kile kikao chake jikoni kila Ijumaa. Lodwar ile. Joto lile. Alikuwa amefika huko kote na mtu ambaye hakuwa amefika.

"Hilo bwawa," akasema, "unajua njia?"

"Naijua."

"Utanipeleka Jumatatu."

Jumatatu alivaa nguo ya Pasaka. Alifunga kitambaa cha hariri ambacho Tabby, binti yake, alikuwa amemnunulia, akapaka miguu mafuta, akavaa viatu vinavyombana. Hakuwa anaenda kutazama samaki, jamani. Mwanamke akienda kumtazama mwanamke mwenzake huenda akiwa amejipanga. Njia nzima kutoka stendi ya Ruiru, kati ya mistari ya kahawa isiyokwisha, alikuwa akirudia moyoni atakachosema. Kwanza angemsalimia. Halafu angemwuliza jina la watoto. Halafu hakujua, na kila alipofika hapo alianza upya. Nadira alitembea nyuma yake kimya, akibeba viatu vya akiba alivyomletea, kwani alijua vile havingefika.

Bwawa lilikuwa bondeni, chini ya kiwanda cha kumenyea kahawa. Mlinzi wake alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwenye koti la jeshi na kalamu mbili mfukoni. Nadira akamtambulisha: Mulei, nyapara mstaafu aliyebaki kulinda bwawa, ndiye aliyemruhusu kukata mapezi hapo Februari.

"Umeniletea mteja mwingine wa mapezi?" Mulei akauliza kwa utani.

Ngendo hakuwa na nafasi ya utani. "Mimi ni mke wa Kagwe," alisema. "Nataka unionyeshe nyumba yake ya huku."

Mulei alivua kofia. Akamtazama juu mpaka chini, kitambaa, viatu, uso, na akawa kama aliyesahau Kiswahili.

"Nyumba?" akasema mwishowe. "Kagwe hakuwa na nyumba hapa, mama. Alikuwa na kitanda. Kampi ya wanaume, chumba cha tatu, kitanda chake na changu ukuta mmoja."

"Usinifiche. Mimi si mtoto. Mwanamke wake ni nani?"

"Mwanamke gani?"

"Wa Ruiru!"

Mulei akaangalia bwawa, akaangalia kiwanda, akaangalia tena huyu mama wa kitambaa cha hariri. Ndipo alipoelewa, na alipoelewa akavuta kreti mbili za soda, akaifuta moja vumbi kwa mkono wa koti. "Keti," akasema. "Keti kwanza, mama. Hapana mwanamke."

Akasema yote, bila haraka. Kagwe alikuja mwaka wa themanini na sita. Kampuni ya lori ilikuwa imempima macho ikamtoa: ni ule ugonjwa unaoanza kula macho kutoka pembeni, mtu anaona mbele tu, kwa tundu, na tundu linapungua mwaka hadi mwaka. Dereva aliyeendesha lori miaka kumi na sita akaomba kibarua cha kahawa. Kuchuma hakuweza, angeacha nusu mtini. Kuchambua hakuweza kabisa. Wakampa kazi ya kugeuza kahawa kwenye vitanda vya kukaushia, kazi ya akina mama, na akina mama hao walimcheka mpaka wakachoka, halafu wakamzoea, halafu wakampenda kwa sababu ya hadithi zake za barabara. Zile za Kainuk na Lodwar zilikuwa za kweli, Mulei alisema. Ila zilikuwa za zamani, za kabla ya macho.

"Na samaki?" Ngendo aliuliza.

"Samaki, sasa." Mulei akatabasamu kidogo. "Ijumaa moja, mwezi wa kwanza tu, anakuja kwangu ameshika jerikeni. Ananiambia, Mulei, mke wangu amezoea nikirudi na kitu. Hapa kuna nini cha kubeba? Kahawa ni ya bwana, ukibeba unafungwa. Nikamwambia, samaki hawana mwenyewe. Tukaingia majini sisi wawili, yeye anashika ndoo, mimi naangalia, kwa sababu yeye haoni." Akaonyesha ukuta wa bwawa kwa kidole. "Baadaye kila alipotaka kidimbwi kipya, tulikaa pale kwenye ukuta tunachagua mahali. Turkana nilichagua mimi. Nilikuwa nataka kufika Turkana."

Ngendo alitaka kukasirika na akakasirika. "Mjinga!" alisema kwa sauti, na ndege wakaruka majanini. "Miaka minane! Mjinga wa mtu! Ningemfanya nini? Si ningemwambia arudi nyumbani? Si ningemshika mkono? Chakula tulikuwa nacho!" Nadira alisogea amguse, akakatazwa kwa kiganja. Machozi yalikuja na Ngendo hakuyafuta. Mburu alikuwa ameona kweli, kweupe kabisa, na alichokiona hakukielewa, na yeye Ngendo alikuwa amekataa hata kuona. Kesho angeenda kwa Mburu. Angeenda kwa miguu, na angeanza yeye kusalimia.

"Aliogopa," Mulei alisema. "Mwanzoni aliogopa. Alisema wewe ulimpenda akiwa dereva."

"Nilimpenda akiwa tanboi wa kupakia mizigo!" Ngendo alifoka. "Hata usukani alikuwa hajaushika!"

Mulei akacheka, na Ngendo, katikati ya machozi, akacheka pia. Chini pale kwenye maji ya kina kifupi, ngege walikuwa wamechimba viota vyao vya duara mchangani, na kila dume alikuwa anafukuza wenzake kwenye mpaka wake.

"Lakini hakuogopa muda mrefu," Mulei akaendelea, akikuna kidevu. "Siku moja nilimwuliza, wewe Kagwe, utamdanganya mama wa watu mpaka lini? Ilikuwa mwaka wa pili ama wa tatu. Akaniambia, Mulei, yeye anajua. Nikamwambia, anajua aje na haujamwambia? Akasema, anajua. Tukienda kanisani ananipa bega nishike, na mimi sijaomba. Chai yangu anaiweka palepale, kila siku palepale, nisitafute. Barua zikija ananisomea kabla sijasema nimechoka. Na hajawahi kuniuliza hata neno moja. Anajua, ananitunzia heshima yangu." Mulei alikohoa. "Alikuwa anajivunia sana hiyo, mama. Sisi wengine tukiwalalamikia wake zetu, yeye ananyamaza tu. Tuliposikia amekufa, ilikuwa mwezi umepita. Nilitaka kuja. Nikasema, nitamwambia huyo mama nini ambacho yeye mwenyewe hakijui?"

Ngendo alikuwa anatazama mikono yake.

Bega alilitoa, ndiyo. Akina mama wa kanisa walimtania kwa hilo bega, kwamba mzee bado anamtongoza hadharani, naye alipenda kutaniwa, akatembea polepole ili waone. Kikombe alikiweka palepale kwa sababu ile meza ilikuwa na upande mmoja tu usioyumba. Barua alizisoma kwa kuwa alikuwa na haraka ya kujua ya ndani. Alikuwa hajui. Alimwona mume wake akipapasa ukuta, akimwaga chakula cha samaki kando ya maji, akigeuza kichwa chote kama kuku ili amwone mtu, na kila mara alisema moyoni ni uchovu wa barabara, kwa sababu barabara aliipenda. Miaka minane Kagwe alikuwa akimshukuru kimya kimya kwa wema ambao yeye hakuufanya. Alikufa akimshukuru.

"Si ulijua, mama?" Mulei akauliza.

Aliuliza akiwa ameinama mbele kidogo, kofia mapajani, kama mtu anayeogopa jibu. Nadira, aliyejua ukweli wote, aliyekuwepo siku Ngendo alipoitazama ile picha akiamini bado samaki wametoka Turkana, aligeuka akawa anatazama maji.

Ngendo alikuwa mtu wa kusema ukweli. Alichapa watu na mwiko kwa ajili ya ukweli. Alijipangusa uso kwa kitambaa cha hariri, pande zote mbili, akanyoosha mgongo juu ya ile kreti.

"Nilijua," akasema. "Nilijua tangu mwanzo. Ningemwuliza ya nini?"

Uso wa Mulei ulifunguka wote. Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, taratibu.

"Alisema hivyo," akasema. "Alisema hivyo hivyo."